Vidole Vinne

Ardhini tulizipanga kwa uzi wa mwashi,
antena nane chini ya mabawa, nne kulia, nne kushoto,
zikanyooka kama fito za dari aliyoipima baba yangu
pale Kiboriloni, timazi mkononi, jicho moja limefumbwa.
Nikatia saini. Kiwanja cha Moshi, saa moja asubuhi,
nyasi zina umande, mlima umejifunika.

Kapteni Sarikoki akaruka.

Kazi yetu ilikuwa mifereji ya Kibosho,
ile ya zamani, iliyolala chini ya migomba.
Wimbi letu lina urefu wa shibiri:
lilipita majani kama moshi upitavyo paa la nyasi,
likagonga kingo, likarudi,
na masikio manane yakaandika saa ya kurudi kwake.

Jioni, kwenye kompyuta, mfereji mmoja ulikuwa miwili.
Bi Ndeshau, katibu wa maji, akavaa miwani,
akaufuata wa pili kwa ncha ya kalamu
hadi ndani ya kihamba cha akina Mlaki.
"Huu haupo," akasema. Kisha, polepole:
"Lakini wakiuona watasema upo."

Sikulala. (Nililala, ila vibaya.)
Nilikuwa nimepima bawa lililopumzika.
Hewani bawa ndilo linaloibeba ndege,
linapinda kama ubao wa jukwaa fundi anapopita na ndoo ya zege,
na huko nchani linapanda vidole vinne.
Vidole vinne tu! Ila kwenye shibiri ni theluthi nzima:
sikio la ndani linasema sasa,
la nchani linasema bado,
na ubishi wao ndio huo mfereji wa pili.

"Tulikaze," nikamwambia Sarikoki. "Tuongeze chuma."
Alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua kichwa.
"Ukilikaza litakatika, na mimi nitakuwa ndani."

Basi tukatia madoa meupe chini ya bawa,
ishirini na moja, kwa rangi ya kucha ya mdogo wangu Anaeli,
(bado ananidai chupa)
tukafunga kamera dirishani iyatazame
ndege inaporushwarushwa na joto la mabonde.
Doa likipanda, hesabu inajua,
na kila sikio linasamehewa
kwa kadiri ya kuchelewa kwake.

Jumanne picha ikatoka. Mfereji mmoja,
mwembamba, unakwepa mwamba, unapita nyuma ya kanisa.
Bi Ndeshau akaomba nakala mbili.
Ile ya kwanza akataka niichane mbele ya macho yake;
nikaichana.

Baba aliniuliza kama kazi yangu imenyooka.
"Haijanyooka," nikamjibu,
"ila najua imepinda kiasi gani."
Hakusema kitu. Akaitazama timazi yake ukutani,
ule uzi, ile risasi iliyochakaa.
Dirisha lilikuwa wazi,
na upepo wa mlimani ulikuwa unaitikisa.