Bei Ziko Ukutani

Ubao wa bei niliuandika mwenyewe kwa chaki
wiki niliyoajiriwa gesti ya Mzee Kapaya,
mkabala na stesheni ya Tabora:
Singo. Dabo. Vitanda viwili. Self.
Nikapangusa mikono, nikadhani nimeshajua kazi.

Singo, choo ni cha nje: unapita karai la nguo
na taa inayofikiri kwanza ndipo iwake.
Hapo hulala wanunuzi wa asali na madumu yao.
Mteja wa singo haulizi maji ya moto,
anauliza kama mlango una komeo.

Dabo ndiyo huleta ugomvi.
Walikuja mabwana wawili wa tumbaku, Masele na Lubinza,
wakasema sisi ni wawili, tupe dabo, hesabu ni hesabu.
Nikawafungulia. Wakasimama kizingitini
wakikitazama kitanda kimoja kipana
kama watu waliosomewa shitaka.
Alfajiri nilimkuta Lubinza kwenye kochi la mapokezi,
tai ingali shingoni.
Tangu hapo nasema mapema:
dabo ni upana wa kitanda, si idadi ya watu.

Self ina bomba lake, ndoo yake, kioo chake,
na bei ambayo watu huisoma mara mbili.
Anayelipia self
analipia kutoonekana na taulo.

Halafu usiku ule treni ya Mpanda ilichelewa.
Saa tisa akaingia bibi mmoja, Kalunde,
blanketi limefungwa kwa kamba ya katani,
mkononi barua ya kwenda Kitete, kliniki ya macho.
Nikamsomea ubao wote,
maana macho ndiyo yaliyomleta mjini.
Singo, nikasema. Dabo. Vitanda viwili. Self.
Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:
“Na chenye mtu mwingine anayepumua, shilingi ngapi?”

Nikageuka kuutazama ubao, kana kwamba jibu
limejificha chini ya vumbi la chaki.
Alizaliwa nyumba ya watoto tisa,
akaolewa, akazaa, akazika mume, akalala na wajukuu;
miaka sabini na mitatu
hajawahi kuzima taa akabaki peke yake.

Nikafungua stoo nyuma ya kaunta,
lilipo godoro langu
kati ya mashuka ya akiba na miche ya sabuni.
Nikasogea ukutani.
Akalala upande wa mlango, kama mama.

Asubuhi aliniambia nakoroma.
Alisema hivyo akishukuru,
kama mtu aliyeongezewa chai bila kuomba.

Kwenye kitabu cha wageni niliandika jina, atokako, aendako.
Aina ya chumba, nikaacha wazi.
Mzee Kapaya akaweka kidole pale pale peupe:
“Huyu alilala wapi?”
Nikamwambia tuna chumba cha tano,
ila sijajua kinaitwaje.

Mwisho wa mwezi alinikata elfu nane,
bei ya singo.