Mkunga kwa Mkunga

Kwa Kiswahili, Glenys, nilimwambia,
mimi na samaki huyu jina letu moja.
Mkunga. Anayezalisha, na anayeteleza.
Tunaachana kwenye wingi tu:
sisi wakunga, wao mikunga.
Akacheka mpaka tochi ikatikisika
na mwanga ukamwagika juu ya Mto Severn.

Saa nane usiku, Aprili, bamvua.
Tuko sita kwenye kizuizi cha maji, nje kidogo ya Tewkesbury:
Glenys, aliyekuwa akizifungulia mashua malango;
Zbyszek mwoka mikate, ambaye kwake saa hizi ndiyo asubuhi;
vijana wawili wa shule, wananong'ona;
mzee Haddrell, aliyevua vitoto hivi kwa ndoo miaka ya sabini
akavikaanga na mayai,
na sasa anavibeba kimoja kimoja
kama mtu anayelipa deni.

Ngazi yao tumeiunda wenyewe:
ubao, misumari, nywele za mifagio kumi na minne
tuliyonunua kwa mchango wa sokoni.
Wanapanda gizani, wembamba kama tambi,
wametoka bahari ambayo
hakuna kati yetu aliyeiona.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nimemfundisha Zbyszek, naye anawaambia, kwa lafudhi ya unga.

Kwenye sinia nyeupe mwili ni kioo
na moyo unaonekana, nukta nyekundu, ukipiga.
Kazini moyo nautafuta kwa mashine na jeli.
Huyu ananionyesha bure.

Machi, baada ya mvua, kampuni ilifungua bomba.
Siku tisa tukaandika sufuri.
Siku ya kumi tukajaza maji ya mto kwenye bilauri
tukamwekea mkubwa wao mezani, ukumbi wa kanisa umefurika.
Hatukusema kitu. Aliitazama.
Akaomba chai.

Bomba bado lipo. Lina kipimo sasa,
na Glenys hukisoma kila Jumatatu, kwa sauti, dukani.

Leo arobaini na mmoja. Kijana anasema arobaini na wawili,
mmoja kapenya chini ya kidole cha Zbyszek.
Wanabishana. Haddrell hasikii;
anainamisha ndoo upande wa juu, polepole,
mpaka tone la mwisho.

Zamu yangu inaanza saa moja.
Nitanawa mpaka viwikoni, sabuni mara mbili,
na bado mtoto wa kwanza kunidondokea mikononi
atanusa, kidogo, tope.