Samawati, Asilimia Nne

Faili limerudi mara ya tatu kutoka Kutaisi.
Gurami haandiki salamu. Anaandika:
ukurasa wa 41, theluji haifiki ukingoni.

Nacheka peke yangu, saa saba usiku,
chai imeshafanya utando,
mtaa mzima wa Tbilisi umezima taa isipokuwa duka la dawa.
Theluji ni nyeupe, namjibu. Karatasi ni nyeupe.
Kisu kikipotoka unywele mmoja
nani atajua kilichokatwa ni kipi?

Anapiga simu. Nyuma ya sauti yake mashine
zinatafuna, zinatema, zinatafuna.
"Dada, weupe wa karatasi si weupe wa theluji.
Ipe samawati, asilimia nne.
Ukiiacha sifuri nitachapa shimo.
Kisha ivute nje ya mstari, milimita tatu kila upande.
Kisu changu hakina macho."

Basi navuta mlima.

Bi Lamara aliupiga picha kwa kamera ya kuazima.
Miaka thelathini na mmoja alipima theluji kituoni,
kila asubuhi fimbo ile ile:
sentimita, upepo, na pembeni neno moja au mawili.
Mbweha.
Jino linauma.
Kimya.
Kitabu chote ndicho hicho.
Nilipomuuliza nani atakinunua
alinitazama: "Kwani wewe unataka nakala ngapi?"

Mara ya kwanza nilisahau kufungasha fonti.
Herufi zetu, zisizojua kubwa wala ndogo,
zilifika Kutaisi zimekuwa visanduku,
safu juu ya safu, madirisha ya ghorofa lisilohamiwa.
Mara ya pili weusi ulikuwa wa rangi nne;
bamba moja likisogea kidogo tu
mbweha angetetemeka kama mwenye homa.
Sasa weusi ni mmoja. Mbweha katulia.

Mgongo nimeupigia hesabu: karatasi mia na nne,
milimita kumi na tatu na nusu.
Nimeweka kidole cha shahada juu ya rula.
Miaka yote ile, na kidole kimezidi.

Ila maandishi yamekoma ukurasa wa mia mbili na tatu,
na karatasi kubwa ya Gurami hukunjwa ikazaa kumi na sita,
haizai kumi na moja.
Tano hazina kazi.
"Ziache tupu mwishoni," anasema,
"au tia tangazo la kitabu chake kingine."

Bi Lamara hana kitabu kingine.

Asubuhi nikampigia. Alinyamaza,
nikasikia kifuniko cha sufuria kikirukaruka.
Kisha akasema: kuna kipupwe kimoja,
kulikuwa na vita mabondeni, mafuta ya taa yalikwisha,
akashuka kwa dada yake kabla njia haijafungwa.
Fimbo ilibaki imesimama peke yake.
"Daftarini niliandika Oktoba, nikaandika Aprili,
mstari chini ya mstari,
kana kwamba zimelala kitanda kimoja."

Nilihesabu kwa vidole, sikutaka kuamini:
Novemba, Desemba, Januari, Februari,
na kidole gumba, Machi.

Usiku huu nimezipasulia nafasi katikati ya kitabu.
Nambari za kurasa chini, basi.
Mkono ulikwenda wenyewe kwenye samawati,
nikaurudisha.

Jina la faili: theluji_mwisho_mwisho_kweli_7.
Mstari wa kijani unatambaa, unasita kwenye tisini na tisa
kama mgeni anayetafuta viatu vyake mlangoni,
unaondoka.

Sijamaliza kuosha kikombe, simu inalia.
"Dada, kurasa tano hazina kitu kabisa.
Hata ile asilimia nne. Umesahau?"

"Sikusahau, Gurami.
Hapo chapa shimo."

Hajibu. Mashine zinatafuna,
zinatema.
"Na theluji ya ukurasa wa 41?" namuuliza.
"Imefika," anasema. "Imepita."