Kuni za Mchungaji

Kila Novemba napeleka kuni kwa mchungaji,
mikokoteni arobaini, ndivyo baraza la mji lilivyoandika:
mwaloni, si msonobari, kavu, iliyopasuliwa.

Mwaka huu Hakimu Thorne aliniita uani kwake,
akanipangusa theluji begani kama baba,
akasema, "Obadia, usifanye haraka."
Basi. Sikuuliza.
Maksai wangu naye hakuuliza.

Sheria ya Harrowmede ni nyembamba kama wembe:
mchungaji hashiki rungu la serikali,
hakimu hapandi mimbari.
Lakini hapigi kura asiye mshiriki wa kanisa,
na mshiriki ni yule aliyekubaliwa na Mchungaji Goodhue,
na Mchungaji Goodhue anakula kodi
inayokusanywa na askari wa Thorne.
Mmoja ana ufunguo, mwenzake ana mlango.
Koloni nzima ya Massachusetts ndivyo ilivyo, nasikia.
Sisi wengine tuko nje na theluji.

Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja.
Hawa wamekaa miaka kumi na tisa.
Zizi ndilo linalonuka.

Disemba, mchungaji alipanda mimbarini na makoti mawili.
Kila neno lilimtoka na mvuke wake.
Alisoma habari za Sauli, mfalme aliyetoa sadaka
kwa mkono wake, asimngoje Samweli.
Hakutaja jina la mtu.
Macho yetu yakahamia benchi la mbele, lenye mto wa mahameli,
na Thorne akawa anahesabu misumari ya sakafu.

Wiki hiyohiyo Jabezi, mwana wa hakimu,
alisimama kuomba ushirika.
Akaulizwa ni lini neema ilimgusa.
"Aprili," akasema.
"Aprili ya mwaka gani?"
Na daftari likafungwa.
Uchaguzi ni Mei.

Usiku nikaona taa mlangoni:
hakimu mwenyewe, kichwa wazi.
"Obadia. Zile kuni."
Saa hizi?
"Saa hizi."
Barafu ililia chini ya magurudumu hadi kwa mchungaji.
Alifungua dirisha nusu,
akahesabu magogo kwa midomo, kimya,
au alikuwa anasali. Kwa mbali huwezi kujua.

Jumapili Jabezi akapokelewa.
Neema ilimgusa Aprili. Mwaka haukuulizwa tena.

Mimi naomba ushirika mwaka wa saba huu.
Naambiwa moyo wangu bado mgumu.
Huenda. Usiku ule mke wangu, Mehitabeli,
alikuwa ameshachoma kigoda na mguu mmoja wa meza,
nami nilibakiza gogo moja chini ya nyasi za maksai.
Moja tu. Liliwaka hadi alfajiri.

Lakini yule mtu alihesabu.
Tangu hapo, akisoma zile amri kumi,
akifika ya nane
hafanyi haraka.