Jalada la Bwalo

Bi Tunsume ananipa glavu za pamba, kubwa mno,
ncha za vidole zimebaki tupu kama maganda ya karanga.
"Penseli tu," anasema. "Kalamu ya wino iache mlangoni."
Kisha anasukuma boksi mezani.
Linanuka vumbi, kutu ya pini, na dawa ya mende.

Nimekuja kumtafuta baba.
Sijamwambia. Fomu iliuliza madhumuni ya utafiti,
nikaandika: Maisha ya Mlimani, miaka ya mwanzo.
Si uongo. Alikuwa na maisha, na aliyaishi Mlimani.

Juu kabisa wamekaa wao, wasomi wenyewe:
picha ya mahafali, majoho yamepeperukia upande mmoja,
majina yamepigwa taipu nyuma, kuanzia kushoto.
Notisi: aliyeazima pasi ya bweni airudishe kabla ya Ijumaa.
Notisi: dansi ya Jumamosi itakwisha saa sita,
si "saa sita" ile ya wiki iliyopita.
Funguo zilizopotea muhula mmoja: kumi na tisa.
Pembeni ya kumbukumbu za kikao mtu amechora tumbili
kavaa miwani, kakunja nne.
Bila shaka enzi hizo kila mtu alijua ni nani.

Chini yake, jalada la bwalo. Jembamba.
Ndani mna barua, kurasa mbili, saini sitini na tatu:
*Tunapenda kuuarifu uongozi
kwamba maharage ya Jumatano yaliungua,
kwamba hii ni mara ya nne,
na kwamba taifa changa halijengwi kwa masizi.*
Wa kwanza kusaini ni E. Rwechungura, mwaka wa pili, Sheria,
aliyeongeza kwa mkono: *Na ndizi je?*

Nikacheka. Bi Tunsume akainua macho.

Maharage hayo nayajua.
Nimeyala utoto wangu wote, masika hadi masika,
katika hadithi ya baba:
alivyoyaacha motoni
akaenda kusimama chini ya dirisha la ukumbi
kumsikiliza kijana mmoja akibishana na profesa
juu ya jasho na ujira, nani hasa anamlisha nani.
Alisahau jiko. Hakusahau neno hata moja la ubishi ule.
Sikumwamini.
Baba alitia chumvi kila kitu
isipokuwa chakula.

Sasa jina lake. Nafungua orodha ya mishahara.
Wahadhiri, kwa majina na shahada.
Makarani, kwa majina.
Wapishi, 14.

Kumi na wanne. Kama sufuria. Kama benchi.

Napekua hadi saa nane. Feni inakwaruza dari.
Nilikuwa nafunga boksi
ikadondoka stakabadhi, ndogo kama tiketi:
aproni mbili, kofia moja, viatu jozi moja.
Amepokea:
na hapo, dole gumba la zambarau,
limekatwa katikati na mstari mweupe.

Kovu la kisu cha vitunguu.
Dole lile lilipima homa kwenye paji langu,
lilibonyeza unga kujua kama umeiva,
lilifuata mistari ya gazeti kila jioni barazani
akisoma kwa sauti, pamoja na matangazo ya vifo.
Baba alijua kuandika.
Karani hakuuliza.

Nimevua glavu moja. Najua, hairuhusiwi.
Nikaweka dole langu juu ya lake,
likaenea.
Bi Tunsume alikuwa anatazama,
halafu akawa anatafuta kitu kwenye droo, kwa muda mrefu,
akarudi na kikaratasi cheupe.
"Cha maelezo," akasema. "Kama unamfahamu mhusika."

Nikachonga penseli. Nikaandika polepole,
kwa herufi ambazo alinifundisha yeye:

*Kondo Mfaume, mpishi.
Jumatano ile maharage yaliungua.
Alikuwa darasani.*