Mbuzi Wawili kutoka Kiamaiko

Miaka ishirini na miwili nilipika jikoni mwa hospitali,
kuku wakinijia bila vichwa, katoni kwa katoni.
Nilimjua kuku kwa paja, kwa firigisi, kwa mchuzi.
Leo niko Ruai, kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania viatu,
ninajifunza kumjua kwa tabia.

Nilianza na matembe watatu.
Jimbi nilimwazima kwa Kerubo, ng'ambo ya barabara,
mwekundu, kilemba kimechanika, majivuno hayana kipimo.
Mkataba ulikuwa wa mdomo: katika kila vifaranga watano
mmoja wake, naye ndiye atakayechagua.
Nikaandika daftarini. Nilipenda kuandika.
Machi tatu. Mayai kumi na manne. Koo wa madoa ameatamia.

Usiku wa saba niliyamulika kwa tochi ya simu:
ndani ya ganda, mishipa kama mizizi ya sukuma iliyong'olewa,
na kitone cheusi kinachezacheza.
Matatu yalikuwa viza. Niliyatoa taratibu,
koo akanidonoa kifundo cha mkono.
Haki yake.

Wakatoka tisa.
Mchana ndege za Embakasi hupita chini,
kivuli kinateleza juu ya mabati, juu ya ua,
na koo huita kwa sauti ile ya mwewe,
tisa wote wanazama chini ya mbawa.
Nilimwambia, hiyo ni ndege ya watu, mama.
Akanitazama kwa jicho moja.
Kwake ndege ni ndege.

Kideri kilikuja Mei, hakikubisha hodi.
Shingo zilipinda. Wakabaki wawili.
Hapo daftarini niliacha ukurasa mtupu.
Uzao uliofuata nilimwita Mutiso wa dawa,
tone moja katika kila jicho, vifaranga wakipepesa
kama watu walioamshwa kwa taa.

Majogoo saba wa uzao huo ndio walionipeleka Kiamaiko.
Kule kila mtu alikuwa akinunua nyama inayotembea.
Guyo alimnyanyua mbuzi, akamkadiria mikononi:
"Kilo kumi na nne, mama. Nikuchinjie?"
Nikasema, nataka wa kukaa.
"Wa kukaa wapi?"
Wa kukaa. Aishi. Azae.
Alicheka, kisha akaacha kucheka.
Akazunguka zizi, akawapita wanene,
akafungua midomo, akahesabu meno, akapapasa viwele,
akanitolea majike wawili, wafupi kama vigoda.
"Hawa mizani haiwapendi," akasema. "Wapende wewe."

Tulirudi nyuma ya pikapu ya pumba,
mimi katikati, kamba mbili mkononi,
mikono ileile iliyojua kukata mbavu tu.

Usiku wa kwanza walilia mpaka jogoo akawajibu saa nane.
Asubuhi ya tatu yule wa kijivu alisukuma mlango kwa kichwa,
akayapuuza majani ya viazi niliyomtundikia,
akalikuta daftari.
Alianza na Machi.
Nilipofika alikuwa amemaliza Julai, faida na hasara,
na ule ukurasa mtupu pia,
kipande cha jalada mdomoni, anatafuna upande upande
kama karani anayefikiri.

Sasa tumbo lake limetuna. Mutiso anasema ni mimba;
mimi nasema ni hesabu zangu.
Koo wa madoa amegundua joto la mgongo wake,
hulala pale juu, hataki tena kichanja nilichompigilia misumari.

Jana jioni Kerubo alisimama langoni, mikono nyuma.
Nikamwambia daftari limeliwa, deni silijui tena.
Yeye hakuwa ameandika popote.
"Watatu," akasema. "Na mmoja awe yule mweupe
unayemficha nyuma ya pipa."