Kiatu Kimoja cha Hilari

Jumatano jioni jumuiya ilikaa kwangu, Lulindi,
mikeka miwili na benchi la kuazima kwa Mama Kolumba.
Barazani, mifuko ya salfa. Mwezi wa sita,
mikorosho inadai dawa,
na Fortunati ana miezi minane chini ya udongo.

Katekista Edigari akavaa miwani yenye mkono wa uzi,
akatusomea sheria ya kale ya Waebrania:
mtu akifa bila mtoto, nduguye amtwae mjane,
jina la marehemu lisipotee.

Watu kumi na wanne wakaacha kitabu,
wakaniangalia mimi,
kisha, kama nzi wahamao kidonda,
wakamwangalia Hilari.
Hilari akaangalia kucha zake.
Nyumbani ana Paskazia na watoto watano.

"Si limeshasemwa?" akasema Mama Kolumba.
Nikamuuliza: limesemwa kwa nani?
Huku kwetu jina hupita tumboni mwa mama.
Mume wangu hakuwa na jina la kuniachia.
Ameniachia mikorosho mia na kumi na mbili,
na wapwa zake wameshaihesabu mara mbili:
kwanza kwa macho,
halafu kwa mkaa, alama kwenye kila shina.

Edigari akavua miwani.
"Hilo," akasema, "sikuliandaa."
Tukafunga kwa sala fupi.

Usiku nikaisoma mwenyewe kwa taa ya sola,
mpaka chini, ambako Edigari hakufika.
Kumbe ndugu akikataa,
mwanamke humwita mbele ya wazee, langoni,
humvua kiatu, humtemea mate.
Nikacheka peke yangu, kitanda kikalia.
Nikamwona dada yangu wa kale,
hana mume, hana mwana, hana shamba,
na katika nchi ile kukosa mwana ni kukosa chakula.
Wakamtafutia mkono wa kumshika.
Sheria ni mkono mgumu unaokudaka ukiteleza:
unaokoa,
na unaacha alama za vidole.

Nikakumbuka pia siku walipomtega Bwana
kwa habari ya mke wa ndugu saba:
siku ya ufufuo atakuwa wa nani?
Hakuna aliyeuliza amechoka kiasi gani.
Bwana hakumkabidhi
kwa hata mmoja.

Nililala vizuri.

Jumamosi, kabla ya jogoo wa pili, bomba likanguruma shambani.
Hilari. Hakuwa ametumwa na mtu.
Jua lilipotoka alikuwa wa njano kama kifaranga,
kope mpaka buti, macho yanatiririka salfa.
Akaketi kizingitini, nje.
Nikamwambia: shemeji, vua kiatu.
Akanitazama. Naye alikuwa amesoma mpaka chini.
Akavua buti la kushoto, akakung'uta mchanga,
akalishika magotini kama mtoto wa mtu.
"Na mate?" akauliza.
Nikampa maji ya kunawa uso.

Tulikaa hivyo, bila neno, uji ukipoa.
Kisha akasema kwamba jana alikwenda kwa wapwa.
Ni mjomba wao naye,
na huku neno la mjomba ni ukuta.
Aliwaambia wafute mkaa.
Mmoja alinuna. Atanunua.
"Atanuna," nikamsahihisha. Alikuwa amechoka.
Kisha akavaa buti, akarudi kwa Paskazia.

Sijui kama hivi ndivyo sheria ilivyotimizwa.
Edigari anasema atamuuliza padre.

Mwezi wa kumi nilipeleka magunia sita chama cha msingi.
Karani, kalamu juu ya stakabadhi, akauliza:
"Jina la nani? La marehemu?"
Nikamtajia langu, pole pole.
Akakosea herufi.
Nikamwambia: futa, andika upya.
Nina muda.